Mstari wa Chini Huvutwa Mwisho

Mgeni akifika Runingu, watu hawakawii kumpeleka kwenye nyumba ya Domitille na kumwonyesha tofali lililo juu ya mlango. Lina mraba mkubwa, na ndani yake mraba mdogo. Mistari yote imezama vizuri kwenye udongo isipokuwa mmoja, ule wa chini kabisa, ambao umekwaruzwa tu kama na mtu aliyekuwa amegombana na ukuta. Halafu wanaanza. Huyu atasema ni dawa ya Simba, wale waasi wa mwaka wa sitini na nne, ya kuzuia risasi. Yule atasema mwanamke alikuwa mchawi, ndiyo maana hakuzaa. Mimi domo hilo limenichosha. Mama yangu, Honorine, ndiye mtu pekee aliyekuwa akiingia nyumba ile bila kuitwa. Haya ninayoyasema niliyapata kwake, na mengine kwa Domitille mwenyewe, alipokuwa mzee na mimi nimeshapata akili ya kunyamaza na kusikiliza.

Lile ni neno. Ni neno la Kichina, na maana yake ni kurudi.

Domitille hakukaa hata siku moja kwenye benchi la shule. Kazi yake ilikuwa kufyatua matofali. Mumewe, Hyacinthe, alikuwa mwashi, basi mmoja alikanda udongo na mwingine akaupandisha ukuta, na katika bonde zima la Ruzizi ulikuwa ukisikia watu wakisema wale wawili wameumbwa kwa kalibu moja. Uhuru ulipokuja, Hyacinthe alicheza barabarani pale Sange mpaka kiatu kikaachia soli. Baada ya hapo kazi ikakauka. Wazungu waliokuwa wakijengesha walifunga masanduku, na waliobaki hawakuwa na cha kumlipa fundi. Mwanzoni mwa mwaka wa sitini na nne akavuka mpaka, akaenda kutafuta kibarua Bujumbura.

Huko alipata kazi ya kujenga ukuta wa ua, kwenye nyumba iliyopangwa na Wachina. Mpishi wao alikuwa mzee mwembamba asiyejua Kifaransa, na katika Kiswahili alijua maji na moto, basi. Kila mchana, supu ikiwa jikoni, mzee huyo alichuchumaa uani juu ya saruji, akachovya brashi ndani ya kikombe cha maji na kuandika. Jua lilikausha neno la kwanza kabla hajamaliza la pili. Hyacinthe, aliyekuwa amesoma kidogo misheni na kupenda herufi kuliko sala, akachuchumaa karibu naye.

Mpishi alimpa brashi. Hyacinthe akanakili mraba ndani ya mraba, ukatoka mzuri, sawasawa kama wa mzee. Mzee akaumwagia maji. Hyacinthe akauchora tena, ukamwagiwa tena. Ilimchukua muda kuelewa kwamba hakukosea umbo, alikosea mpango: mstari gani unatangulia, upi unafuata, upi unakuja mwisho. Kwa mzee yule, neno lililoandikwa kwa mpango mbaya halikuwa neno hata kama lingefanana. Maana yake alimfundisha bila kusema kitu. Alitoka nje ya geti, akapotea kidogo, akaingia tena, akaelekeza kidole kwenye sufuria ya supu, akacheka. Kurudi. Hyacinthe alilishika lile neno kuliko yote, na mtu aliyemwacha mke wake ng'ambo ya mto hahitaji kuulizwa kwa nini.

Simba walipoingia Uvira, watu wa kwetu walikimbilia Burundi na vyombo vyao kichwani. Hyacinthe akapishana nao njiani, yeye akirudi Runingu. Mama yangu alisema Domitille alipomwona alimgombeza kwanza, kwa sauti ambayo kijiji kizima kiliisikia, kisha akaingia ndani na kulia.

Kiangazi cha mwaka ule, wakati watu wanaulizana kama wataishi, wale wawili wakaanza kufyatua matofali ya nyumba yao wenyewe. Walikuwa wakikaa kwenye nyumba ya miti na udongo, na Domitille alikuwa amechoka kuwajengea wengine. Walichekwa sana. Hyacinthe alijibu kwamba vita vitaisha na mvua haitaisha, kisha akainama kwenye udongo wake.

Ndipo alipomfundisha. Tofali likitoka kwenye kalibu bado laini, alimshika mkono na kuongoza kidole chake. Mstari wa kushoto unashuka. Kutoka juu yake unakwenda kulia, unakunja kona na kushuka bila kuinua kidole. Hapo umepata nyumba iliyo wazi chini. Ndani yake unaweka kinyumba kidogo kwa mpango uleule, nacho unakifunga. Mwisho kabisa, baada ya yote, unavuta mstari wa chini wa ile kubwa, kutoka kushoto kwenda kulia.

Domitille hakuweza. Kila mara kidole chake kilizunguka mraba wote kwa mara moja, kikaufunga, ndipo kikaingia ndani. Si ujinga. Kila mfyatua matofali angefanya vile, maana kazi yetu inaanza na kalibu iliyofungwa pande zote nne, ndipo unatia udongo. Mkono uliozoea hivyo tangu utotoni hauambiliki.

"Hapana," Hyacinthe alisema. "Anza tena. Weye unafunga mulango na mwenyewe iko inje bado."

"Kalibu inafungwaka mbele, njo unatia budongo. Minye njo vile najua." Kwetu mbele ni kwanza, ni kabla.

"Ile iko tofali. Hii iko nyumba ya muntu. Muntu anaingia kwanza, kisha unafunga."

Alikosea, akasawazisha udongo kwa kiganja, akakosea tena. "Hapana, anza tena," ikawa wimbo wa kiangazi kile. Hata watu waliopita njiani waliujua, wakawa wanamtania Domitille akiteka maji: hapana, anza tena. Siku alipopatia, Hyacinthe alipiga makofi mawili ya matope mpaka yakawarukia usoni wote wawili. Kuanzia hapo matofali mengi ya nyumba ile yaliandikwa neno zima, mengine kwa mkono wake, mengine kwa wa mumewe.

Tofali la juu ya mlango Hyacinthe alilitaka aliandike mwenyewe, na kwa utulivu. Alikuwa amekwisha kuweka kinyumba cha ndani wapiganaji wa Simba walipotokea. Walikuwa wanapanda milimani na walihitaji watu wa kubeba mizigo. Walimtaka yeye na mdogo wake, Gaspard, aliyekuwa akichanganya udongo pembeni. Hakukuwa na mabishano, wale vijana walikuwa na bunduki na haraka. Hyacinthe alifuta kidole kwenye suruali, akachukua mwiko wake wa uashi kwa sababu hakuwahi kwenda popote bila mwiko, akamtazama mkewe.

"Uache vile," akamwambia, akionyesha tofali. "Nitakuya kuimaliza."

Domitille akaliacha vile. Lilikauka likiwa wazi chini, na likachomwa kwenye tanuru likiwa wazi chini.

Mvua zilipopita Gaspard alirudi, peke yake, amekonda mpaka mbwa wa kwao wakambwekea. Domitille alimkimbilia kabla hajafika uani na kumuuliza kama Hyacinthe yuko nyuma. Gaspard akasema yuko nyuma. Walitenganishwa njiani, alisema, Hyacinthe akapelekwa upande wa Fizi, lakini yuko. Na kwa kuwa Gaspard naye alikuwa mwashi, akashika kamba na kuanza kupandisha nyumba ya kaka yake. Hakutaka hata kikombe cha pombe kwa kazi ile. Watu walinong'ona kwamba anamtayarisha shemeji yake arithiwe. Watu wa kwetu hawaoni tendo jema bila kulitafutia mkia.

Nyumba ikaisha, bati likapanda, lile tofali likakaa juu ya mlango. Gaspard akachonga na mlango wa mbao, na hapo Domitille akagoma. Hautatiwa. Mwenye nyumba bado yuko nje. Walimsihi, walimkasirikia, katekista Ildephonse akaja na maneno ya Mungu, akaondoka nayo. Ule mlango ukaegemezwa ukutani ndani ya nyumba, na Domitille akaishi miaka kwenye nyumba ya matofali yenye tundu mbele. Mvua iliingia na kuku wa majirani pia. Alining'iniza kanga moja pale, na upepo ukiwa mwingi aliishikiza chini kwa jiwe.

Aliendelea kufyatua, kwa ajili ya kuuza Sange. Kila tofali aliliandika neno lake, lakini bila ule mstari wa chini. Wanajeshi wa serikali waliporudi, Ildephonse alikuja tena, safari hii akitetemeka kweli, kumwambia kwamba alama ya Kichina siku hizi, kwa kuwa waasi walisaidiwa na Wachina, inaweza kumpeleka mtu ukutani apigwe risasi. Domitille hakubishana. Alianza kuliandika upande wa chini wa tofali, upande unaolaliwa na udongo wa kuunganishia, ambao jengo likisimama hauonekani tena. Nyumba ngapi za Runingu na Sange zina neno lile ndani ya kuta zake sijui. Wenyewe wamelala humo na hawajui kitu.

Mama yangu alimkuta mara nyingi amechuchumaa mbele ya safu za matofali mabichi, anaandika, anatazama, na kujisemea kwa sauti ndogo: "Hapana. Anza tena." Alikuwa amepatia. Alikuwa akipatia kila mara. Alisema vile kwa sababu yalikuwa maneno ya Hyacinthe na yeye alitaka kuyasikia. Mama alijaribu kujifunza, amsaidie kubeba, lakini alikuwa na watoto sita na akili yake haikukaa. Domitille alikuwa mpweke, niseme wazi. Alisalimiwa na kila mtu, alialikwa kwenye harusi na misiba, akarudi kwenye nyumba yake isiyo na mlango akiwa na neno moja ambalo bonde zima hapakuwa na mtu wa kulisoma, na aliyeweza kulisoma hajulikani aliko.

Miaka ilipozidi, ukoo ukataka matanga yafanywe, watu walie, yaishe. Domitille akakataa. Kisha akasema jambo lililowaogopesha wote: mpunga ukishavunwa, atapanda milimani mwenyewe, afike mpaka upande wa Fizi, amtafute. Waasi walikuwa bado wako huko juu, na wanajeshi walikuwa wakiwawinda. Mwanamke peke yake kwenye njia zile asingerudi. Alikwisha kushona mfuko wa kubebea unga.

Gaspard naye akasikia. Alipotea siku kadhaa, akisema ana kazi Uvira. Aliporudi alikuwa na tofali limefungwa ndani ya majani ya migomba, na uso uliojaa furaha. Mama alikuwepo.

"Shemeji, kaa kwanza," akasema. "Hyacinthe iko Kigoma. Alivuka ziwa na wavuvi. Anafyatua matofali kule, anaogopa kurudi mbele vita haiyaisha. Wavuvi wa Kalundu njo walileta hii. Anasema usiende kule juu. Anasema umungojee."

Akafungua majani. Lilikuwa neno, zima, limefungwa chini.

Watu walijaa. Walipiga vigelegele, mama yangu akalia, bibi mmoja akaanza kuimba. Domitille moyo ulimruka, alisema hivyo mwenyewe: kwa muda mfupi aliona Hyacinthe ameinama ufukweni Kigoma, hai, na kidole chake kina matope. Alilichukua tofali akalipakata mapajani. Kisha, kwa mazoea, akapitisha kidole kwenye mistari.

Kidole kilianza kushoto juu, kikashuka, kikafika chini, na hakikukuta mwisho. Mfereji ulikunja kona na kuendelea kulia, ukapanda, ukazunguka wote bila kukatika mahali popote. Mtu alikuwa amezungusha kidole kwa mara moja, kama anayepangusa ndani ya kalibu. Na kinyumba cha ndani kilikuwa kimebanwa, kimesogea chini mno. Udongo uliosukumwa na mstari wake ulikuwa umemwagikia ndani ya mstari mkubwa wa chini. Basi ule mstari ulikuwepo tayari. Aliyeandika alifunga kwanza, ndipo akaingia.

Domitille hakupiga kelele. Aliwaambia watu asante, akasema amechoka, akawaomba waende. Mama alikataa kwenda, na Gaspard alipotaka kutoka Domitille alimwita.

"Shemeji, weye ulifunga mulango mbele."

"Mulango gani? Iko ya Hyacinthe. Wavuvi walisema..."

"Gaspard." Hakuwahi kumwita kwa jina. "Minye nilikosea vile kiangazi muzima. Minajua mukono ya mufyatua tofali. Yeye hawezi kukosea hapa, hata akiwa mugonjwa, hata akiwa na haraka. Niambie."

Gaspard akakaa chini sakafuni. Mtu mzima, mwenye watoto, akajifunika uso kwa mikono.

"Alikufaka kule juu, mbele hata mwezi haiyaisha. Tumbo. Damu ilikuwa inatoka tu. Nilimuzika na mikono yangu, mu shamba ya muntu sijui. Hatukuwa hata na jembe."

"Na juu ya nini hukuniambia?"

"Nilikuwa nakuya na ile neno mu mudomo, njia yote. Ukaniuliza mbele sijakaa, iko nyuma? Nikaona macho yako. Nikasema iko nyuma. Kisha kila siku ilikuwa ngumu kupita jana. Na sasa ukasema unapanda kule, wakuue kwa kutafuta muntu haiko. Nikafanya hii."

Mama alisema kuku mmoja aliingia, akazunguka, akatoka, hakuna aliyemfukuza. Kisha Domitille akauliza swali ambalo mama hakulitegemea.

"Alikuwa anaandika?"

"Alikuwa anaandika. Kila tulipopumuzika, mu vumbi, na kidole. Lakini haikuwa anaimaliza. Ile mustari ya chini hakuwa anaiweka. Siku moja nikamuuliza juu ya nini. Akasema, ile iko ya nyumbani."

Hapo ndipo Domitille alipolia. Alilia kwa sauti ya mtu aliyebeba kitu kizito miaka mingi na sasa kimemwangukia. Watu waliosikia walijua, na kabla jua halijainama ua ulikuwa umejaa tena, safari hii bila vigelegele. Matanga yakafanywa. Kuna waliomlaani Gaspard. Domitille hakumlaani, lakini kwa muda mrefu hakuweza kumtazama, na Gaspard aliona ni haki yake.

Matanga yalipokwisha na watu kutawanyika, Gaspard alikuja asubuhi na mwiko. Ulikuwa wa Hyacinthe. Alikuwa ameuficha kwake miaka yote, kwa sababu kuuonyesha kungekuwa kusema. Domitille aliupokea kwa mikono miwili. Aliuingiza ndani ya nyumba na kuutundika ukutani, pale panapoonekana ukiwa kitandani. Ndipo akamwambia Gaspard alete bawaba, ule mlango utiwe.

Gaspard alitia mlango, akajaribu kuufungua na kuufunga, akakusanya vyombo vyake. Akaenda. Domitille aliokota msumari uliobaki, akapanda juu ya stuli. Matofali yetu ya kuchoma kwa kuni hayana ugumu wa kukataa msumari, ila yanataka nguvu. Mama yangu alikuwa kwenye shamba lake la mihogo ng'ambo ya njia, akamwona, akaamua asimwendee.

Domitille aliuvuta mstari wa chini, kutoka kushoto kwenda kulia, akaurudia mpaka ukashika. Vumbi jekundu lilimwangukia kwenye kitambaa cha kichwa. Alipomaliza alibaki pale juu ya stuli, kwa mazoea, angali akingoja kuambiwa kama amepatia. Kisha akashuka, akaingia ndani, akafunga mlango.